Mbwa mpya na vituko vyake: umkemee, umpuuze au umwelekeze?

Shaba alipofika kwetu Moshono, nje kidogo ya mji wa Arusha, siku ya kwanza hakula kitu. Siku ya pili alikula, ila si pale alipowekewa. Alibeba tonge la ugali mdomoni, akazunguka nyuma ya simtanki, akachimba, akalifukia, akasawazisha udongo kwa pua, kisha akarudi kukaa mbele yetu na vumbi usoni. Siku ya tatu dada anayetusaidia kazi za nyumbani alichukua fagio la chelewa afagie uwanja. Kabla fagio halijagusa chini, Shaba alikuwa ameshafyata mkia na kulala chali, mkojo unatiririka kwenye saruji.

Alikuwa na umri wa miaka miwili hivi, rangi yake kama jina lake, na waliotupatia walijua jambo moja tu juu yake: aliokotwa sokoni. Mengine yote ilibidi tuyasome kwake mwenyewe.

Wiki haikwisha kabla sijapewa ushauri wa aina tatu. Baba mkwe alisema achapwe mara moja tu, atanyooka. Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye amefuga mbwa maisha yake yote, alisema tusimjali, akikosa wa kumtazama ataacha. Daktari wa mifugo aliyempiga chanjo akasema kila tunapotaka aache jambo tumpe lingine la kufanya mahali pake. Njia hizo tatu ndizo anazokutana nazo karibu kila mtu anayechukua mbwa mkubwa mwenye historia asiyoijua, kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa vituko halisi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kumwelekeza kunashinda mara nyingi, kupuuza kuna mahali pake padogo, kipigo hakina mahali. Lakini kuna vituko ambavyo hata kuelekeza hakuviwezi mpaka umeondoa hofu kwanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Tabia au ugonjwa?

Ulinganisho wa kwanza hauhusu njia za kufundisha. Jiulize kama kituko alikuja nacho tangu siku ya kwanza, au kimezuka ghafla kwa mbwa aliyekuwa sawa. Alichokuja nacho mara nyingi ni mazoea au woga. Kilichozuka ghafla ni cha daktari wa mifugo kabla hakijawa cha mwalimu.

Mbwa anayefukuza mkia wake mchana kutwa anaweza kuwa amechoshwa na kukaa bure, au ana viroboto. Anayeburuza makalio sakafuni hafanyi vituko, huenda tezi zilizo kando ya njia ya haja kubwa zimeziba, au ana minyoo. Anayetikisa kichwa na kujikuna sikio moja tu, mwinue sikio hilo umnuse: likinuka, tatizo limo mle ndani. Hakuna fimbo wala dagaa itakayotibu sikio.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho kwetu Afrika Mashariki si jambo la kusimuliwa tu. Mbwa mpole anayegeuka mkali bila sababu, au mkali anayegeuka mpole kupita kiasi, taya likilegea, udenda ukimtoka, sauti ya kubweka ikibadilika, akishindwa kumeza: usimkaribie, usijaribu kumfungua mdomo ukidhani amekwamwa na mfupa. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo afike hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Virusi vyake huweza kukaa mwilini mwa mbwa kwa wiki au miezi bila dalili, kwa hiyo mbwa mpya usiyejua alikotoka achanjwe mara unapompata, na kila mwaka usikose. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kampeni za chanjo hufanyika sehemu nyingi. Sikiliza matangazo ya kata yako.

Kuanza leo au kumpa muda?

Watu wa vituo vya kuokoa mbwa, hasa Marekani, wana kanuni wanayoieleza kwa tatu tatu. Siku 3 mbwa yuko katika bumbuwazi. Wiki 3 anajifunza ratiba ya nyumba. Miezi 3 anaanza kujiona yuko kwake. Si sheria, na Shaba alichukua muda mrefu zaidi, lakini inasaidia kujibu swali la kwanza: umrekebishe tangu siku anaingia au umwache apoe?

Ukianza mapema mno unamfundisha mbwa asiyekusikia. Katika siku zile za mwanzo Shaba hakuchukua hata kipande cha nyama mkononi mwangu. Mbwa mwenye njaa anayekataa nyama hana nafasi kichwani ya kujifunza chochote. Ukichelewa mno, kwa upande mwingine, unamwachia azoee usiyoyataka, na mazoea ya miezi mitatu hayang'oki kirahisi.

Ninachoshauri ni kugawa. Ratiba ianze siku ya kwanza: chakula saa zile zile, kutoka nje saa zile zile, mahali pake pa kulala pasipoguswa na watoto. Mafunzo yangoje mpaka achukue chakula mkononi mwako mwenyewe bila kukunyakulia na kukimbia. Kwetu ilikuwa siku ya tisa, siku ile ile aliyovuka kizingiti cha jikoni kwa mara ya kwanza. Na katika siku hizo za mwanzo zuia wageni. Ndugu na majirani wote watataka kumwona mbwa mpya. Wamwone mwezi ujao.

Fimbo na makelele

Sababu ya watu kupenda njia hii naielewa: inaonekana kufanya kazi. Mbwa anachimba, unamtupia kiatu, anaacha. Lakini alichojifunza si kwamba kuchimba kubaya. Amejifunza kwamba wewe ukiwepo viatu huruka. Kesho atachimba ukiwa kazini.

Kuna lingine linalowadanganya wengi, nalo ni ule uso wa hatia. Unarudi, unakuta mto umechanwa, mbwa amelaza masikio na kugeuza macho, unasema, "Tazama, anajua alichofanya!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha jaribio alilofanya na mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula kisha akatoka chumbani, na aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula. Wakati mwingine aliambiwa kinyume cha ukweli. Uso wa hatia ulionekana zaidi pale mbwa alipokemewa, awe amekula au hakula. Ule uso ni wa mbwa anayemwona mtu amekasirika na anaomba salama. Ukimchapa wakati huo, unamchapa kwa kuomba salama.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 ambao mbwa wao walikuwa na matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliowahi kuwapiga au kuwapiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliomnyang'anya mbwa kitu mdomoni kwa nguvu, asilimia 39. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa sababu kumnyang'anya mbwa ndala mdomoni ni jambo ambalo hata mtu mpole hulifanya bila kufikiri, na watoto ndio hulifanya zaidi.

Kuna hali moja tu ambayo nitapaza sauti: mbwa akikimbilia barabarani, au kuku wa jirani. Hapo sauti inaokoa maisha, haifundishi. Akishasimama nasahau, simfuati kumkaripia kwa dakika tano.

Na mkoromo, yaani ule mngurumo wa onyo, tafadhali, usiuadhibu kamwe. Mbwa anayekoroma anakupa taarifa kabla hajauma. Ukimchapa kila anapokoroma ataacha kukoroma, na siku moja ataanza moja kwa moja na meno.

Kupuuza kunafaa wapi?

Ushauri wa jirani yangu una ukweli ndani yake, ila nusu. Kupuuza kunafanya kazi pale tu ambapo anachokitafuta mbwa ni wewe: macho yako, sauti yako, mkono wako. Mbwa anayelialia wakati mnakula, anayekupiga paja kwa mguu wa mbele, anayekurukia ukirudi, huyo ukigeuka na kumpa mgongo umemnyima alichokuja kukitafuta.

Lakini mbwa anayechimba halipwi na wewe. Udongo wa chini wenye ubaridi ndio malipo. Anayetafuna mguu wa kochi analipwa na kule kutafuna. Anayembwekea mpita njia getini analipwa kila siku, kwa sababu mpita njia hupita na kwenda zake, na mbwa anaamini ni yeye aliyemfukuza. Vituko vya aina hiyo unaweza kuvipuuza mwaka mzima, vitakua tu.

Hata panapofaa, kupuuza kuna masharti mawili magumu. La kwanza, kabla tabia haijafifia huwa inapanda. Mbwa aliyezoea kupewa kipande akilia kidogo, usipompa atalia sana, atabweka, atakwaruza mlango. Watu wengi hukata tamaa hapo hapo wakampa, na kumbe wamemfundisha kwamba kulia kidogo hakutoshi. La pili, nyumba nzima ikubaliane. Kwetu tulikuwa sita, na mama yangu mzazi hakuweza kula nyama mbwa akimtazama. Wiki mbili sote tulipuuza, yeye akidondosha kipande chini ya meza kwa huruma, na Shaba akajifunza kukaa upande wa mama. Nyumba yenye watu wengi, watoto na wageni, mimi naiona haifai kutegemea njia hii peke yake.

Kumwelekeza, na kwa nini inachosha mwanzoni

Wazo lake ni jepesi. Mbwa hawezi kufanya mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja. Aliyekaa hawezi kuruka. Mwenye mfupa mdomoni hawezi kutafuna kochi. Anayenusa majani akitafuta dagaa habweki. Kwa hiyo badala ya kumwambia "acha", unamwonyesha la kufanya, na unalilipa.

Malipo yetu yalikuwa dagaa wa Mwanza waliokauka, wasio na chumvi, mmoja mmoja. Hununui biskuti za mbwa za bei ya juu ikiwa sokoni kuna dagaa. Ni wadogo, wananuka anavyotaka yeye, na unaweza kutembea nao kwenye mfuko wa aproni. Kinachotakiwa ni wepesi wa mkono: zawadi imfikie ndani ya sekunde moja au mbili tangu alipofanya ulichotaka. Ukichelewa mpaka ameshasimama na kujikuna, umelipia kusimama na kujikuna.

Kituko kilichotufundisha hili ni ndala. Kila jioni Shaba alikwenda barazani, akachagua ndala moja, ya kushoto au ya kulia ilimradi ni ya mume wangu, akaibeba hadi kwenye gunia lake na kulala kidevu kikiwa juu yake. Hakuitafuna. Asubuhi ilikuwa nzima, ina unyevu tu. Hapo kuna mbwa wawili wanaofanana kwa mbali. Mmoja huiba ndala ili umkimbize. Huyo anakutazama, mkia juu, anangoja mchezo. Mwingine huibeba kwa sababu ina harufu ya mtu anayeanza kumwamini. Huyo hakutazami hata kidogo. Wa kwanza mpe mchezo wake kwa saa yako: kamba nene yenye fundo, dakika kumi kila jioni kabla hajakumbuka ndala. Wa pili anahitaji harufu. Mume wangu alilalia kipande cha kitenge kikuukuu siku tatu, tukakiweka kwenye gunia, ndala tukazipandisha kwenye rafu. Wiki ya tatu ndala zikarudi chini, na nyingi ya siku hazikuguswa.

Pale alipoishika mdomoni hatukumnyang'anya. Tulidondosha dagaa watatu hatua mbili kando yake. Alipoachia ndala kwenda kula, mtu aliiokota kimya kimya. Baada ya siku kadhaa tukaongeza neno, "achia", kabla ya dagaa. Leo neno linatosha, ingawa bado tunamlipa mara moja moja.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inakudai uwepo. Fimbo inachukua nusu dakika, kuelekeza kunachukua wiki. Ikiwa watu wote wa nyumba hutoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, sema ukweli kabla ya kumchukua mbwa mwenye vituko vingi. Pengine mbwa mzee aliyetulia anakufaa zaidi.

Vinavyofanana kwa nje, tofauti kwa ndani

Kuchimba: tazama mahali. Shimo la kina kifupi kivulini, mchana wa jua, ni kitanda cha ubaridi. Mwachie kona moja yenye mchanga, uimwagie maji, na kuyafukia vizuri mashimo mengine. Shimo kando ya ua au chini ya geti ni njia ya kutorokea, na dawa yake ni kujua anachokimbia au anachokifuata. Jike aliye kwenye joto au dume anayenusa jike wa mtaa hatazuiwa na dagaa, ahasiwe. Shimo dogo lenye ugali ndani ni akiba ya mbwa aliyewahi kulala njaa.

Kubweka usiku: anayembwekea mtu aliyepo huelekeza masikio na mwili upande mmoja na hunyamaza mtu akipita. Anayebweka kwa upweke hubweka kwa mapigo sawasawa, saa nzima, akiangalia mlango wenu. Kumkemea wa pili kupitia dirishani ni kumjibu, na jibu ndilo alilotaka. Tulichofanya sisi ni kuhamishia gunia lake karibu na ukuta wa chumba chetu, apate kutusikia. Siku nne, kwisha.

Mkojo: asiyefundishwa hukojoa kokote, hata akiwa peke yake. Mwenye woga hukojoa mtu anapomwinamia, akilala chini na kugeuza kichwa. Huyo wa pili ukimfokea ataongeza mkojo, maana mkojo wenyewe ndio unyenyekevu wake. Mume wangu ni mrefu, ana sauti nzito, na alikuwa akimsalimia Shaba kwa kumwinamia kichwani. Alipoanza kuchuchumaa upande, bila kumkodolea macho, mkono chini ya kidevu badala ya juu ya kichwa, mkojo ulikoma ndani ya wiki mbili. Hakuna mafunzo yoyote aliyopewa mbwa. Aliyefundishwa ni mume wangu.

Bakuli: kuna wanaosema umzoeze mbwa kwa kutia mkono ndani ya chakula chake. Linganisha na wewe mwenyewe mezani, mtu akitia mkono kwenye sahani yako kila siku. Kinyume chake ndicho kinachofaa: pita mbali, tupia kipande kilicho kitamu kuliko alichonacho, nenda zako. Kila siku hatua moja karibu zaidi, mpaka aone mtu anayekaribia bakuli ni mleta, si mchukuaji. Watoto wasihusishwe kabisa, na wajue kwamba mbwa anayekula haguswi.

Fagio

Hofu inadai maelezo yake peke yake, kwa sababu hapa njia zote tatu zinagonga mwamba. Kumkemea mwoga ni kumthibitishia. Kumpuuza ni kumwacha humo. Na kumwelekeza hakuwezekani, maana aliyejaa hofu hali wala hasikii. Kinachobaki ni umbali, kisha kulifunga lile la kutisha na jambo zuri.

Tulililaza fagio chini mwisho wa uwanja, Shaba akiwa mita kumi hivi. Umbali huo aliliona lakini aliendelea kula. Tulitawanya dagaa kwenye majani kila jioni, fagio likiwa limelala tu. Baada ya siku nne mita saba. Akisita kula tunarudi nyuma, bila kumvuta kwa kamba. Wiki ya tatu alikula dagaa akiwa amesimama kando ya chelewa zenyewe. Kisha tukaanza upya na fagio likiwa mkononi, limeshushwa: tena mita kumi. Kisha likiinuliwa kidogo. Kisha likifagia, mara moja tu, dagaa, mara mbili, dagaa. Dada ndiye aliyeifanya kazi hiyo karibu yote, kwa subira ambayo mimi sina. Wiki ya sita au ya saba alikuwa akifagia uwanja mzima na Shaba amelala mlangoni akimtazama, masikio mbele.

Waliompiga kwa fagio sokoni hatuwajui. Inawezekana hakuna aliyempiga, kuinuliwa kwa kitu kirefu kulitosha. Kazi ni ile ile.

Mnyororo, banda au uwanja

Hili linabeba vituko vingi kuliko mafunzo yoyote. Mbwa wa mnyororo anaona kila kitu na hafikii chochote. Anazunguka, anabweka, anageuka mkali kwa anayemsogelea kwa sababu hana pa kukimbilia. Mbwa wa banda lenye nafasi, kivuli na maji yuko afadhali, mradi lifunguliwe kila siku, na lisitumike kama adhabu. Aliye huru ndani ya ua ulioshikamana ndiye mwenye vituko vichache, lakini ua wenye tundu ni hatari kuliko banda. Kwa mbwa mpya mimi nachagua banda lenye mlango wazi ndani ya ua: anaingia akitaka kujificha, hakuna anayemfuata humo. Ikiwa ukuta bado unajengwa na lazima afungwe, pitisha mnyororo kwenye waya uliotandazwa baina ya nguzo mbili, apate kwenda na kurudi, na isiwe zaidi ya majuma machache.

Ufundishe mwenyewe au utafute mkufunzi?

Vituko vya kila siku unaviweza mwenyewe. Mbwa aliyekwisha kuuma mtu na kutoa damu, au anayewakazia macho watoto na kunyemelea, huyo tafuta msaada. Lakini uliza swali moja kabla ya bei: "Mbwa akikosea unafanya nini?" Mkufunzi mmoja aliyekuja kwetu alijibu kwa vitendo, alimnyanyua Shaba kwa kola mpaka miguu ya mbele ikaacha ardhi. Nikamlipa nauli yake, akaondoka. Wengi huku wamezoea kuandaa mbwa wa ulinzi, na ukali kwao ni mtaji. Anayefaa atakuuliza mengi kabla hajamgusa mbwa: analala wapi, anakula nini, kituko kinatokea saa ngapi na nani yupo.

Yapi uyaache?

Si kila kituko kinahitaji kurekebishwa. Mimi hupima kwa mambo matatu: kinamuumiza yeye, kinamsumbua mtu, kinaharibu mali? Kufukia ugali nyuma ya simtanki hakufanyi lolote kati ya hayo, kwa hiyo tumemwachia. Kurukia watu getini kulikuwa dogo kwetu, lakini kubwa kwa bibi wa nyumba ya tatu, anayepita akienda swala ya magharibi. Udenda wa mbwa ukimgusa ni najisi. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, pale palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Kumrukia ni kumrudisha nyumbani na kumkosesha swala ya jamaa. Wahenga walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini, na mimi sikutaka wangu afike hata kwenye buibui lake.

Hapo tulifundisha kukaa, kabla ya kila jambo jema. Dagaa juu kidogo ya pua, mkono unarudi nyuma taratibu kuelekea masikioni, kichwa kinapanda, makalio yanashuka, dagaa. Alikaa kabla ya bakuli, kabla ya geti kufunguliwa, kabla ya kusalimiwa. Mwezi mzima geti halikufunguliwa kwa mbwa aliyesimama.

Jana bibi alipita na mswala wake begani, akapunguza mwendo kama anavyofanya siku hizi. "Hajambo mlinzi wako?" aliniuliza. Shaba alikuwa ameshakaa kando ya geti, mkia unafagia vumbi, na mdomoni ana ndala ya kushoto ya mume wangu.